Mtaalamu Wako, Jirani Yako: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Unguja Wanaotafuta Tiba ya Maradhi ya Ulaji

Mwongozo huu ni kwa mtu wa kazi, awe karani wa ofisi ya Vuga, mwalimu wa skuli, muuza duka wa Darajani au mhudumu wa hoteli ya Nungwi, ambaye chakula kwake kimegeuka hofu. Pengine anajinyima mpaka kizunguzungu kinamkamata. Pengine hula kwa pupa usiku, peke yake, mpaka tumbo linauma, kisha hujitapisha au hunywa dawa ya kuharisha. Pengine hajinyimi wala hatapiki. Hula tu, bila njaa na bila kuweza kujizuia, halafu analala na aibu. Wote hao wanaumwa, na maradhi yao yana tiba. Sehemu kubwa ya tiba hiyo ni mazungumzo ya watu wawili, wiki baada ya wiki, kwa miezi. Ndiyo maana inafaa kujua vyema huyo mtu wa pili ni nani.

Unguja jambo hili ni zito zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba pamoja, lakini ukitoka Mkunazini kwenda Malindi kwa miguu utaamkiwa mara ngapi kabla hujafika? Mtaalamu utakayempata huenda alisoma na dada yako, anaswali msikiti mmoja na mjomba wako, au ni shemegi wa mkuu wako wa kazi. Miongozo mingi ya tiba hii iliandikwa katika miji mikubwa ambako mgonjwa na mtaalamu wakishaagana mlangoni hawaonani tena mpaka wiki ijayo. Hapa watu watajuana watake wasitake. Linalowezekana, na linalotosha, ni kukubaliana mapema na kwa maneno ya wazi mtajuana vipi.

Maradhi yenyewe

Aina inayojulikana zaidi ni ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, anoreksia, ambayo William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliieleza katika miaka ya 1870. Ya pili, bulimia, ni ya kula kwa pupa na kujitapisha. Ilipewa jina na Gerald Russell, daktari wa London, mwaka 1979. Ya tatu, kula kwa kupindukia bila kujitapisha, iliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Tarehe hizi zina maana kwetu. Kama madaktari wa Ulaya walichukua zaidi ya miaka 100 kuipa jina aina ya pili, basi mtu wa Mwanakwerekwe aliyekuwa akitapika kwa siri miaka mitano bila kujua kama ni maradhi hana la kulaumiwa.

Huku kwetu wengi husema haya ni mambo ya wazungu. Mwaka 2004 Frank Njenga na R. N. Kangethe walichapisha utafiti kuhusu anoreksia nchini Kenya, wakiwategemea madaktari wa akili waeleze wagonjwa waliokutana nao, na wagonjwa walikuwa wachache. Lakini daktari huona anayeletwa kwake. Msichana aliyekonda kwetu hupelekwa kwanza kupimwa kifua kikuu, kisha kisukari, kisha watu wananong'ona juu ya virusi vya Ukimwi, na mwisho hupelekwa kwa mwalimu asomewe kwa kudhaniwa ana jini. Anayekula kwa kupindukia hapelekwi popote, kwa sababu majirani wanamwona amenawiri. Kule Muscat, ambako familia nyingi za Mji Mkongwe zina ami au shangazi, Samir Al-Adawi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walichapisha mwaka 2002 matokeo ya vijana wa Oman, na wavulana walionyesha dalili hizi kama wasichana. Basi kijana wa kiume anayesoma mwongozo huu asidhani amepotea njia.

Wengine watakwambia kwamba kwetu unene ni sifa, kwa hiyo hakuna wa kuumwa kwa kutaka wembamba. Fiji pia mwili mkubwa ulikuwa sifa. Televisheni ilipofika jimbo la Nadroga mwaka 1995, Anne Becker wa Harvard aliwauliza wasichana wa skuli kuhusu kula kwao, na hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 wasichana wa umri ule ule waliulizwa tena. Safari hii waliojitapisha walikuwa 11.3 katika kila 100. Zanzibar ilipata televisheni yake mapema, katika miaka ya mwanzo ya 1970, miaka ishirini hivi kabla ya Bara, na haikutuletea balaa hilo kwa namna iliyoonekana. Simu ya mkononi ni kitu kingine. Inamfuata mtu kitandani, na inamwonyesha kiuno cha mtu asiyemjua saa saba ya usiku.

Kabla ya yote, mwili

Mwandishi wa mwongozo huu anaomba sehemu hii isirukwe. Anayetapika mara nyingi hupoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo huenda mrama, hata kwa mtu mwenye mwili wa kawaida ambaye hakuna aliyemshuku. Kwa hiyo kabla ya mazungumzo yoyote nenda kwa daktari wa kawaida, Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu nawe, useme ukweli kwamba unajitapisha au hujala kwa wiki kadhaa, na uombe kipimo cha damu na cha mapigo ya moyo. Ukizimia, moyo ukidunda ovyo, ukatapika damu, au ukijiwa na fikra za kujiua, hiyo ni dharura. Usisubiri siku ya miadi na mtaalamu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Na neno kwa jamaa. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu asishindiliwe chakula kwa furaha ya kumwona amekubali kula. Biriani na supu ya ng'ombe kwa siku moja vinaweza kuvuruga chumvi za damu yake na kumwua. Jambo hili lilionekana kwa wafungwa waliookolewa kutoka kwenye njaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Daktari ndiye wa kupanga kiasi cha kuanzia.

Kumpata, na kumjua kwa kazi yake

Usitafute kibao kilichoandikwa "mtaalamu wa maradhi ya ulaji". Unayemtafuta ataitwa mwanasaikolojia, mshauri nasaha, muuguzi wa afya ya akili au daktari wa maradhi ya akili, na kazi yako ni kujua kama anaijua tiba hii. Hospitali ya Kidongo Chekundu ndiyo kitovu cha afya ya akili hapa kisiwani. Wapo wanaoona haya kuonekana wakiingia lango lake, kwa jina baya ambalo watu wameipa, na haya hiyo inaeleweka. Hata hivyo daktari wa kawaida anaweza kukuandikia rufaa na kukwambia siku na mlango wa kliniki ya wagonjwa wa nje. Kwa anayekaa shamba, huduma ya afya ya akili imefikishwa pia katika hospitali za Kivunge na Makunduchi. Wapo pia wanaozungumza kwa simu na mtaalamu wa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat. Njia hiyo inafaa kwa sharti moja: awepo daktari wa hapa hapa anayekupima damu na uzito, na hao wawili wawe na ruhusa yako ya kusemezana.

Jina "mshauri nasaha" hubebwa na watu wa mafunzo tofauti sana. Yupo aliyehudhuria semina ya wiki moja, na yupo aliyesomea saikolojia ya tiba kwa shahada ya pili Muhimbili. Nasi tuna tabia ya kumwita kila aliyevaa koti jeupe "dokta" na kunyamaza. Muulize. Adabu haikuzuii, ukianza kwa "Samahani, ningependa kufahamu" hakuna mtaalamu wa kweli atakayekasirika. Muulize amesoma nini na wapi, baraza gani la taaluma linamtambua, na kama amewahi kumtibu mtu wa maradhi haya. Asipowahi, si lazima uondoke. Muulize basi nani anamsimamia, yaani mtaalamu mkubwa zaidi ambaye humpelekea kesi ngumu apate ushauri bila kutaja jina la mgonjwa. Muuguzi mnyenyekevu mwenye msimamizi mzuri anafaa kuliko bingwa asiyeulizwa na mtu.

Halafu muulize atakutibu vipi. Jibu zuri lina umbo unaloweza kulishika. Njia iliyochunguzwa sana kwa watu wazima ni ile iliyoendelezwa na Christopher Fairburn huko Oxford. Kwa mtu ambaye uzito wake haujashuka sana huchukua takriban vikao 20 kwa wiki 20, na kwa aliyekonda sana kiasi cha mara mbili ya hapo. Msingi wake ni kula kwa saa maalumu, milo mitatu na vitafunio katikati, bila kupitisha saa nyingi tumbo likiwa tupu, na kuandika kila ulichokula pamoja na ulichohisi. Kwa vijana walio chini ya wazazi, njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, huwapa wazazi usukani wa chakula kwa muda, kisha humrudishia kijana kidogo kidogo. Si lazima mtaalamu wako afuate kitabu neno kwa neno, lakini aweze kukueleza wiki ya kwanza itakuwaje na mtajuaje kama unapona. Akikwambia utamaliza kwa vikao viwili, au akakuuzia dawa ya mitishamba ya kupunguza mwili, shukuru na uondoke.

Jambo jingine la kumchunguza kwa kumsikiliza tu: anaijua tofauti ya njaa na maradhi? Huko Afrika Kusini Daniel le Grange na wenzake waliwahoji vijana weusi waliopata alama za juu kwenye fomu ya maswali ya ulaji iliyotengenezwa nchi za Magharibi, wakaona baadhi yao walijibu kuwa wanawaza chakula kila mara kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Mhudumu wa hoteli anayepitisha siku bila kula kwa sababu mshahara umechelewa anahitaji mshahara. Mtaalamu asiyeuliza jikoni kwako kuna nini hajaanza kazi.

Kumjua kama mtu

Hapa ndipo penye ugumu wetu wa pekee, na ndipo mwongozo huu unakaa zaidi.

Kuna mtu wa kumkwepa mapema. Ndugu wa damu, shemegi, mkuu wako wa kazi, mtu mnayedaiana fedha, mtu mliyewahi kuposana. Mtaalamu mwenye maadili atakataa kumtibu mtu wa namna hiyo, naye akikataa asieleweke vibaya, anakulinda wewe. Baada ya hao linabaki kundi kubwa la watu mnaojuana kidogo: jirani wa kichochoro cha pili, mliyesoma naye Qur'ani chuoni mkiwa watoto, mama wa rafiki wa mwanao. Ukiwakimbia wote hao utabaki bila tiba. Kikao cha kwanza basi kianze na mazungumzo ya ujuano wenyewe, na ni vizuri uyaanze wewe kama mwenzako hakuyaanza.

Yaanze hivi: "Tukikutana Darajani au kwenye maziko, itakuwaje?" Makubaliano yanayofaa watu wengi ni kwamba mgonjwa ndiye anayeamkia kwanza. Ukimpa salamu atakuitika kama anavyomwitika mtu yeyote, usipompa, atapita. Lakini kwetu kumpita jirani bila salamu nako ni tangazo. Ikiwa mlikuwa mkisalimiana kabla ya tiba, endeleeni vile vile, kwa sauti ile ile, na msiongeze neno. Hali yako isiulizwe barazani. Hata "Vipi, unaendeleaje?" yenye sauti ya upole kupita kiasi inaweza kuwafungua macho waliokaa hapo.

Kisha simu. Namba yake utaihifadhi kwa jina gani, ikiwa simu yako hushikwa na watoto na mume? Atakupigia saa gani? Ukiandika ujumbe usiku wa manane baada ya kula kwa pupa, atajibu saa ile au asubuhi? Je, kila mmoja ataona picha anazoweka mwenzake WhatsApp? Haya huonekana madogo. Kwa mtu mwenye maradhi haya, picha ya mtaalamu wake akisherehekea kupungua kilo tano inaweza kubomoa kazi ya mwezi mzima. Mwambie. Ana haki ya maisha yake, nawe una haki ya kumzuia asionekane kwenye simu yako.

Mwanamke anayetibiwa na mwanamume, au kinyume chake, ana jambo la faragha. Tiba inataka watu wawili ndani ya chumba, na dini inakataza watu wawili wasio maharimu kujifungia. Usiliache swali hili likuzuie, wala usilimeze ukakaa kwenye kiti huku moyo hauko. Mlango wenye kioo, au mlango ulio wazi nusu ukiwa na muuguzi chumba cha pili, au jamaa uliyemchagua akakaa nje pahala asiposikia maneno, yote yamewahi kuwafaa watu. Kama unaweza kupata mtaalamu wa jinsia yako, sema hivyo tangu mwanzo; hakuna matusi ndani yake.

Unaruhusiwa kutaka kumjua mtaalamu kama binadamu. Anavyocheka, anavyonyamaza, kama anaelewa unapochanganya lugha, kama uso wake unabadilika unapomwambia umekula mkate mzima wa boflo chooni. Hayo ndiyo yatakayokufanya urudi wiki ya pili. Lakini pima hasa anavyozungumza juu ya miili ya watu. Akikusifu "mashaallah, umepungua", akitania unene wake mwenyewe, akimsema mgonjwa aliyetoka kabla yako, ondoka. Wa mwisho hasa, kwa sababu kesho atakusema wewe.

Wengi hutaka kujua kama mtaalamu mwenyewe amewahi kuumwa hivi. Wapo waliougua wakapona na wakaingia kazi hii, na baadhi yao husema, wengine hawasemi. Anayesema aseme kwa maneno machache na kwa faida yako. Ikiwa nusu ya kikao imekwisha mkizungumzia ujana wake, kikao kimepotea, na ni haki yako kumkumbusha. Kadhalika usimfanyie upelelezi kwa shangazi zake. Kisiwa hiki kitakupa habari zote utakazotaka na nusu yake uongo, nawe utakaa mbele yake ukiwaza talaka yake badala ya mlo wako wa mchana.

Siri ipewe mipaka wazi. Mtaalamu hamwambii mumeo, mama yako wala mwajiri wako kwamba unakwenda kwake. Atavunja siri pale maisha yako au ya mwingine yapo hatarini, na hata hapo akwambie kwanza kama hali inaruhusu. Muulize anaandika nini, kitabu kinakaa wapi, na nani mwingine anakifungua. Katika kliniki ambazo wagonjwa huitwa kwa sauti barazani, omba uitwe kwa namba au kwa jina la kwanza tu.

Na kwa mtaalamu anayesoma haya: uko peke yako zaidi kuliko mwenzako wa mji mkubwa. Wagonjwa wako utawakuta harusini, na watu watakutega kwa maswali: "Yule binti wa fulani namwona kwako, ana nini?" Jiandalie jibu moja la kumpa kila mtu, mgonjwa na asiye mgonjwa, ili kunyamaza kwako kusiwe jibu.

Sinia na saumu

Vitabu vya tiba hii vimeandikwa na watu wanaokula kila mmoja kwenye sahani yake. Mtaalamu aliyesoma humo atakwambia uandike umekula kiasi gani, nawe mmekula watu sita kwenye sinia moja. Sinia lina rehema, kwa kuwa mtu hali peke yake. Lina pia maficho makubwa. Mkono unaweza kwenda na kurudi mara ishirini ukifinyanga tonge lile lile, ukawasogezea wengine nyama, na watu wakainuka wakisema umekula vizuri. Mweleze mtaalamu wako nyumba yenu inakula vipi, nani anapakua, nani anakaa upande gani, wanawake na wanaume wakitenganishwa wewe uko na nani. Kwa muda wa tiba inaweza kufaa upakuliwe pembeni, na mtu mmoja ndani ya nyumba ajue kwa nini. Mmoja anatosha. Buibui nalo hufanya kazi hiyo hiyo ya kuficha, kiasi kwamba wa nyumbani hushtuka siku wanapokiona kifundo cha mkono tu.

Saumu inataka uangalifu zaidi. Mwenye maradhi haya huipenda Ramadhani kwa sababu mbaya: mwezi mzima hakuna wa kumuuliza mbona hali. Baadaye atafunga sita za Shawwali, kisha Jumatatu na Alhamisi, na watu watamsifu kwa uchamungu. Ni yeye na Mola wake tu wanaojua nia, na pengine hata yeye hajui tena. Anayekula kwa pupa naye hukuta futari imewekwa kama mtego, tumbo tupu tangu alfajiri na meza imejaa. Qur'ani katika sura ya al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kulipa siku nyingine, na wanazuoni wana maelezo kwa ambaye maradhi yake hayatarajiwi kwisha karibu. Daktari ndiye wa kusema kama mwili unastahimili, na sheikh unayemwamini ndiye wa kusema hukumu. Mtaalamu wa mazungumzo asijitwike kazi ya mmoja wao. Zungumzeni mapema, katika Shaabani, kabla maandalizi ya familia hayajaanza. Mpange pia wapi utakula mchana, kwa kuwa mji mzima umefunga na hutaki kujieleza kwa mtu. Wengine hula nyumbani kwa daktari au muuguzi, wengine hupewa chumba kazini na mkuu anayejua tu kwamba wana cheti.

Kazini

Mwajiri anahitaji kujua kwamba unahitaji saa fulani kila wiki kwa ajili ya matibabu. Jina la maradhi si lake. Omba mtaalamu au daktari aandike barua inayotaja miadi na muda bila kutaja uchunguzi, na uiwasilishe kwa ofisa utumishi badala ya kuisema barazani kwa msimamizi wa zamu. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005. Usiongozwe na maelezo ya sheria ya Bara ya mwaka 2004, na ukiwa na shaka kuhusu likizo ya ugonjwa uliza Kamisheni ya Kazi au chama chako cha wafanyakazi. Kuhusu gharama, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023, ni wa kuulizia kabla ya kikao cha kwanza kama vikao vya mazungumzo vimo katika huduma unazostahili.

Mpishi na mhudumu wa chakula wako katika hali ngumu kuliko karani, kwa kuwa kazi yao ni kukishika kile kinachowatisha. Wiki za mwanzo za tiba, zamu ya mapokezi au ya vyumba inaweza kumwokoa mtu kuacha kazi kabisa. Msimamizi anayesoma hapa aruhusu hilo bila kudai sababu. Aache pia kusema miili ya walio chini yake. "Umekonda, unaumwa?" na "Umenenepa, ndoa imekukubali!" ni salamu tulizozizoea, na hatuzisemi kwa ubaya. Mfanyakazi mwenye maradhi haya huyabeba maneno hayo nyumbani, na usiku ule ndio hatakula, au ndio atakula mpaka atapike. Sare za kazi zigawiwe kwa kila mtu kwa siri yake, si kwa kuita saizi mbele ya wenzake.

Kumaliza

Tiba ina mwisho, na mwisho upangwe. Mtaalamu mzuri atapunguza vikao polepole, wiki mbili, mwezi, kisha miezi mitatu, na mtaandika pamoja dalili zitakazokurudisha: kuruka mlo siku mbili mfululizo, kujipima uzito kila asubuhi, kuanza tena kufunga sunna bila kumwambia mtu. Kurudi si aibu, na uulize kama mlango utabaki wazi.

Watu wengi hutaka kumshukuru kwa zawadi. Mkebe wa haluwa siku ya mwisho hauna ubaya kwa watu wengi, ingawa kuna taasisi zinazokataza hata huo, kwa hiyo uliza. Fedha juu ya malipo, dhahabu, au kumtafutia mwanawe kazi hotelini kwenu ni mzigo utakaomfunga siku utakapomhitaji tena. Urafiki wa kutembeleana nao usubiri muda mrefu, na huenda usiwepo kabisa; ujirani mlioanza nao unatosha.

Ukiwa na harusi nyumbani na ukataka aje, mwambie kwanza faraghani, umwache achague. Akikubali, mpelekee kadi yenye jina lake bila cheo, kama ulivyowapelekea wa kichochoro kizima. Siku hiyo akae na majirani, na sinia likitua atakula chakula chake na kuongea na wenzake bila kuutazama mkono wako.